Kiboko Njiani: Ushauri kwa Wanaoishi Kando ya Maji Katavi

Kiangazi kinapoanza kukausha mbuga za Katavi, wasomaji wa Sitalike, wa Mpimbwe, wa kandokando ya Mto Ugalla na hadi Karema ziwani huuliza jambo lile lile: kiboko anakula nyasi tu, nyama haitaki, kwa nini basi anaua watu? Na la pili hufuata papo hapo: nikikutana naye nifanye nini?

La kwanza nitalijibu kwa ufupi, maana la pili ndilo linalookoa maisha. Kiboko hamtafuti mtu. Anatafuta njia ya kurudi majini, au anamlinda ndama wake, au analinda kipande chake cha mto. Anayeumia mara nyingi ni yule aliyesimama pabaya kwa saa mbaya. Ndiyo maana karibu kila ninachoandika hapa kinahusu saa na mahali. Nguvu na ujasiri havisaidii kitu mbele ya mnyama huyu.

Ratiba yake

Kiboko dume hufikisha kilo 1,500, na wakubwa hupita hapo kwa mbali. Chonge zake hufika sentimita 50. Ule mwili mzito usikudanganye: nchi kavu hukimbia kama kilomita 30 kwa saa, na hakuna mkulima anayefika mwendo huo kwenye majani marefu.

Mchana hukaa majini kwa sababu ngozi yake haivumilii jua. Giza likiingia hutoka kwenda kula, na usiku mmoja anaweza kumaliza kilo 40 za nyasi. Kama nyasi za karibu zimekwisha, atatembea kilomita kadhaa kuzifuata. Alfajiri hurudi. Saa za hatari kubwa ni hizi:

- Jioni, kuanzia jua linapozama, anapotoka majini.
- Usiku kucha, akiwa malishoni au shambani kwako.
- Alfajiri hadi jua linapochomoza, anaporudi akiwa na haraka.

Zilinganishe na ratiba ya nyumbani kwako. Mama anakwenda kuchota maji alfajiri. Kijana anatoka kutega nyavu jioni. Baba analinda mpunga usiku. Saa zetu na saa zake zinagongana, na hapo ndipo pa kuanzia.

Kwa nini kiangazi cha Katavi hakifanani na cha kwingine

Mvua zetu huanza karibu na Novemba na kukoma karibu na Aprili. Wakati wa mvua Ziwa Katavi, Ziwa Chada na mbuga zinazozizunguka hujaa, na viboko hutawanyika. Ifikapo Agosti hadi Oktoba, Mto Katuma hubaki madimbwi. Mamia ya viboko hujibana kwenye tope moja, mgongo juu ya mgongo. Watalii hulipa fedha nyingi kuona jambo hilo katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Kwa anayeishi jirani na hifadhi, msongamano huo ni onyo.

Viboko wakibanana, madume hupigana. Anayeshindwa hufukuzwa, akiwa na majeraha na hasira, na maji ya kwenda hana. Huyo unaweza kumkuta saa 5 asubuhi amelala kwenye kichaka, kwenye mfereji wa umwagiliaji, au kwenye dimbwi dogo ambamo hujawahi kuona kiboko maisha yako yote. Kanuni ya kwamba mchana yuko mtoni inamhusu kiboko mwenye mto. Asiye nao haimhusu.

Tusifichane pia jambo hili: maji ya Katuma yamepungua kwa kiasi fulani kwa mikono yetu, kwa matuta na mifereji ya mpunga ya kule juu, mingine isiyo na kibali. Maji yakizuiwa juu, viboko wa chini huhama kuyafuata, na hupitia vijijini.

Soma alama kabla ya kukanyaga

Kabla ya kushuka mtoni, simama kidogo utazame. Alama zake ni rahisi kuzijua:

- Nyayo zenye vidole vinne, pana kuliko kiganja chako kilichofunguliwa.
- Njia yenye mifereji miwili sambamba na tuta katikati. Miguu ya kiboko imeachana, kwa hiyo akipita kila siku huacha alama inayofanana na ya matairi ya gari.
- Kinyesi kilichotapanywa juu ya vichaka. Hukirusha kwa mkia, hasa madume, kuonyesha kwamba eneo lina mwenyewe.
- Nyasi zilizokatwa fupi na kwa usawa, kama uwanja wa mpira.
- Mapovu au wimbi dogo kwenye maji yaliyotulia. Kiboko huweza kukaa chini ya maji kwa dakika 5 hivi, kwa hiyo kutomwona kwa dakika moja si ushahidi kwamba hayupo.

Ukiona njia yake ni mbichi, usiifuate hata kama ndiyo ya mkato. Wengi huipenda kwa sababu imefyekwa vizuri na inafika majini moja kwa moja. Inafika kweli, lakini mwenye njia naye anaitumia, na pembeni yake mara nyingi ni majani marefu yasiyo na pa kukimbilia.

Kuchota maji, kufua na kuoga

Kama kuna kisima au bomba, hata likiwa mbali, nenda huko. Najua jibu litakalokuja: bomba limeharibika, kisima kina foleni, watoto wanasubiri uji. Kama lazima uende mtoni, basi:

1. Nenda jua likiwa limepanda, rudi kabla halijazama. Saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni ni afadhali kuliko alfajiri.
2. Nendeni wawili au zaidi, mkizungumza kwa sauti. Kiboko aliyekusikia mapema mara nyingi atajiondoa. Aliyeshtushwa atashambulia.
3. Chagua ukingo ulio wazi, usio na matete, ambapo unaona mita nyingi kila upande.
4. Mmoja achote, mwingine asimame akitazama maji na nyuma yenu. Wote wawili msiiname pamoja.
5. Chota kwa kata au kopo lililofungwa kwenye fimbo ndefu. Usiingie maji ya magoti ili dumu lijae haraka.
6. Usimtume mtoto peke yake. Hapa sina nafasi ya kulegeza.

Hatua ya tano inakusaidia kwa mamba pia, na mamba wa Katavi ni wengi. Kiangazi hujificha ndani ya mapango waliyochimba kwenye kingo za mto, kwa hiyo ukingo mkavu wenye shimo usiusogelee. Mamba, tofauti na kiboko, anakuwinda, na hujifunza desturi yako. Ukichota mahali palepale saa ileile kila siku unamfundisha kukusubiri. Vijiji vinavyoweza vizungushie sehemu ya kuchotea uzio wa miti imara iliyochomekwa ndani ya maji.

Ukikutana naye nchi kavu

Kama yuko mbali na hajakuona, rudi ulikotoka taratibu. Usimpigie kelele sasa, wakati wa kelele umepita.

Kama amekuona, jiulize swali moja tu: maji yako upande gani? Ukiwa kati yake na maji, ondoka kwenye mstari huo. Kaa pembeni, mbali na njia yake, umwachie mlango wa kurudi. Kosa kubwa ninalolijua ni la mtu anayekimbilia mtoni akidhani atavuka. Kiboko naye anakimbilia huko huko.

Akikuvamia:

- Usitegemee mbio za kunyooka. Kimbilia kitu kilicho karibu: panda mti imara, au zunguka nyuma ya kichuguu kikubwa, mwamba au shina nene.
- Tupa mzigo. Dumu, jembe na baiskeli vitanunuliwa tena.
- Ukishapanda, baki juu hadi uone amekwenda mbali. Wengine hushuka mapema mno.

Dalili kwamba hasira imepanda ni kupanua kinywa mbele yako, kutikisa kichwa, kukoroma kwa nguvu na kurusha maji. Watu hudhani anapiga miayo kwa usingizi. Anakuonyesha meno, nawe uyaamini.

Jike mwenye ndama hatoi dalili ndefu. Ukiona kiboko mdogo, chukulia kwamba mama yuko karibu hata kama humwoni.

Kwa waendesha bodaboda wa usiku: taa ikimulika kiboko barabarani, simama mbali, acha taa ikiwaka, mwache avuke. Usijaribu kumpita pembeni.

Kwenye mtumbwi

Wavuvi mna hatari ya namna yake, kwa sababu majini ndiko dume hulinda mipaka. Novemba 2014 karibu na Niamey, mji mkuu wa Niger, kiboko alipindua boti iliyobeba wanafunzi, na 12 kati yao walikufa. Boti ile ilikuwa kubwa kuliko mitumbwi mingi ya Ugalla.

- Pita kwenye maji ya kina kifupi, upande wa pili wa kundi. Kiboko akishtuka hukimbilia kina kirefu, na wewe usiwe huko.
- Gonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi mara kwa mara, ili walio chini waibuke ukiwa bado mbali.
- Hesabu vichwa. Kama ulikuwa unaona sita na sasa unaona vitano, simama kwanza.
- Ukiona kiboko yuko ukingoni, usipite karibu na ukingo huo. Utakuwa umekaa kwenye njia yake ya kurudi.
- Ukiona mkunjo wa wimbi unakujia, piga kafi kuelekea nchi kavu iliyo karibu, upande asioko yeye.
- Mtumbwi ukipinduka, jitenge nao. Mara nyingi hasira yake huishia kwenye mtumbwi.

Na usivue usiku peke yako. Nyavu zinaweza kungoja kuchwa na kucha.

Mashamba ya mpunga

Hapa ndipo uchungu mkubwa ulipo, na ninauelewa. Familia imekopa, imelima, imepanda, halafu kiboko mmoja anapita kwenye majaruba usiku mmoja na kukanyaga kuliko anachokula. Mtu akiamka na mkuki kwenda kumfukuza, hasira yake ina sababu. Lakini mpunga ukiharibika familia bado inaye wa kuulima tena.

Mambo yanayosaidia:

- Kizuizi kifupi lakini kizito. Kiboko ana miguu mifupi na hapendi kupanda wala kuruka. Magogo imara yaliyolazwa na kukazwa kwenye nguzo, kwa kimo cha kati ya goti na paja, humzuia kuliko senyenge ndefu iliyolegea. Mtaro wenye kingo zilizosimama wima nao husaidia, ila uutunze kila baada ya mvua, maana kingo zikiporomoka umemtengenezea ngazi.
- Dungu la juu. Anayelinda shamba asilale chini kwenye kibanda cha nyasi. Jenga dungu lenye nguzo nene, mita kadhaa kutoka ardhini, na ngazi ya kupandia iwe tayari.
- Mwanga na kelele kutoka mbali. Tochi kali, debe, filimbi. Mfukuze akiwa anaingia, ukiwa juu ya dungu au pamoja na watu wengi, na umwachie upande wa mtoni wazi.
- Umbali kutoka mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Wengi huiona ni sheria ya kuwanyima ardhi. Lakini mita hizo 60 ndizo malisho ya kiboko. Ukizilima, atakula ulichopanda humo, kisha ataendelea mbele.

Mambo yanayoua: kumrushia mawe, kumzingira kutoka pande zote, kuwatuma mbwa, na kutega nyaya. Kiboko aliyekatwa na waya hafi haraka. Huishi na kidonda, na humlipa mtu wa kwanza anayekutana naye, ambaye huenda akawa mtoto wa jirani yako.

Darajani Sitalike

Pale Sitalike viboko huonekana kutoka darajani na kwenye kingo za mto bila kulipa kitu. Wageni hushuka kwenye gari, husogea, hugeuza mgongo wapige picha ya uso wao na kiboko nyuma. Agosti 2018 kwenye Ziwa Naivasha, Kenya, mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko alipokuwa akimpiga picha ukingoni. Tazama kutoka juu, ukiwa na gari karibu, na usishuke kwenye tope. Wenyeji mnaowaongoza wageni, msiwapeleke chini kwa ajili ya bakshishi.

Hoja ninazosikia kila mara

*“Tumeishi nao tangu enzi za babu.”* Ni kweli. Wabende na Wapimbwe wameishi na wanyama hawa vizazi vingi, na jina la hifadhi lenyewe latokana na mzimu wa Katabi. Lakini babu hakulima hadi ukingoni, mto wake haukukauka kiasi hiki, na watu hawakuwa wengi hivi. Ujuzi wake uchukue, ila uongeze wa leo.

*“Kwa nini Serikali isiwapige risasi wote?”* Kiboko anayerudia kuvamia watu anaweza kushughulikiwa na askari wa wanyamapori wenye mamlaka hayo, na ndiyo sababu ya kutoa taarifa. Lakini ukimtoa dume mmoja mwenye eneo, mwingine huchukua nafasi yake. Tatizo la mahali na saa linabaki.

*“Nikimuua nikijitetea nitafungwa?”* Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inatambua kujitetea pale maisha yanapokuwa hatarini. Lakini lazima utoe taarifa mara moja, na nyama, meno na ngozi ni mali ya Serikali. Ukikutwa nyumbani na nyama, maelezo yako ya kujitetea yatakuwa na kazi kubwa.

Usile mzoga

Kiboko akikutwa amekufa mwenyewe, kijiji hujaa visu. Naomba mnisikilize sana hapa. Viboko hufa kwa kimeta, ugonjwa unaokaa ardhini miaka mingi na kumpata mtu anayemchuna mnyama au kula nyama yake. Mwaka 2011 wilayani Chama, Zambia, mamia ya watu waliugua kimeta baada ya kushika na kula nyama ya viboko waliokufa. Usichune, usiburute, usiwape mbwa. Mwite ofisa mifugo na askari wa wanyamapori. Kama umeshagusa na ukatoka kidonda chenye kovu jeusi, au homa imekupata, nenda hospitali ukaseme wazi ulichofanya. Ugonjwa huu una dawa ukiwahi.

Mtu akijeruhiwa

1. Hakikisha kwanza mnyama ameondoka. Wapo waliokufa wakimfuata ndugu yao.
2. Bana kidonda kwa nguvu kwa nguo safi, bila kuachia kuangalia kila dakika.
3. Usimwage unga, majivu wala mavi ya ng’ombe kwenye kidonda.
4. Mlaze, mfunike, msafirishe haraka hadi kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Mpanda.
5. Hata jeraha dogo la jino linahitaji kusafishwa hospitali, antibiotiki na sindano ya pepopunda. Kinywa cha kiboko na maji ya tope huozesha kidonda haraka.

Kisha taarifa. Mwambie mwenyekiti au mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo, naye awafikishie ofisa wanyamapori wa halmashauri, TAWA (mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori), au TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) mkiwa jirani na hifadhi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa majeruhi na familia za waliouawa. Ulizeni viwango vya sasa kwa ofisa huyo. Piga picha ya shamba au jeraha, tunza karatasi za hospitali, na usivuruge nyayo kabla hazijakaguliwa. Na ujue mapema kwamba aliyeumia akifanya kosa ndani ya hifadhi, kwa mfano kulisha ng’ombe au kuwinda, hana madai.

Kazi ya kijiji kizima

Churchill, mji mdogo wa Kanada kando ya Ghuba ya Hudson, hupitiwa na dubu weupe kila mwaka wakingoja bahari igande. Dubu yule ni hatari kuliko kiboko kwa jambo moja: anaweza kumwinda mtu ili amle. Pamoja na hayo, watu wanaendelea kuishi pale, kwa sababu ukimwona dubu kuna namba moja ya kupiga saa yoyote, na walinzi hufika. Na wengi huacha milango ya magari bila kufunga, ili aliye barabarani apate pa kujificha.

Sisi tunaweza hilo kwa gharama ndogo. Kila kitongoji kiwe na mtu mmoja mwenye namba za askari wa wanyamapori wa zamu. Watoto wote wajue mlio mmoja wa filimbi wenye maana ya kiboko. Nyumba za karibu na mto ziwafungulie wapita njia wakigonga usiku.

Wenyeviti na watendaji, ombi langu kwenu ni la tarehe. Msisubiri Septemba. Kwenye mkutano wa kijiji wa kabla ya Julai wekeni ajenda hii: pampu ipi itengenezwe, watu watachota wapi mto ukibaki madimbwi, na nani atapokea simu usiku.